Swali la Kazi ya Baba: Kisa cha Watoto 138 wa Lubumbashi

Hapa Lubumbashi, kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mama akijifungua mtoto mwenye mgongo wazi au mdomo uliopasuka, maswali humfikia kabla hajapata nguvu ya kuketi. Alikula nini? Alipita wapi usiku? Aligombana na nani? Alinywa dawa ya kutoa mimba ikashindikana? Wakwe huuliza, majirani huuliza, na mara nyingine mume mwenyewe huuliza akiwa amesimama mlangoni mwa maternite, yaani wodi ya uzazi. Nimekulia mtaa wa Katuba na maswali hayo nimeyasikia tangu utotoni. Sijakumbuka hata mara moja mtu akigeuka kumuuliza baba ya mtoto: na wewe, unafanya kazi gani?

Swali hilo liliulizwa na watafiti. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2020 katika jarida la kitabibu la The Lancet Planetary Health, na yanahusu watoto waliozaliwa katika mji huu kati ya tarehe 1 Machi 2013 na tarehe 28 Februari 2015. Miongoni mwa watafiti walikuwamo Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu na Tony Kayembe-Kitenge wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, Benoit Nemery wa Chuo Kikuu cha Leuven nchini Ubelgiji, na daktari wa watoto Daan Van Brusselen. Nimeyasoma matokeo hayo mara nyingi, na kila mara nimeyaona yakisimuliwa vibaya: wengine wanasema yamethibitisha kwamba madini ya kobalti yanalemaza watoto, wengine wanasema hayakuthibitisha lolote. Pande zote mbili zinakosea. Nataka kupita hatua kwa hatua katika kilichofanyika, kilichopatikana, na mahali ambapo namba zenyewe zinakoma.

Mji uliojengwa juu ya tanuri

Mji ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, na mwaka uliofuata tanuri la kuyeyushia shaba la Union Minière likawaka. Mwaka 1967 mali za kampuni hiyo zikachukuliwa na kampuni ya serikali, ambayo baadaye iliitwa Gécamines. Bomba la moshi na kile kilima cheusi cha mabaki ya tanuri, ambacho sote tunakiita teriri, vimekuwa alama ya mji kiasi kwamba watoto huvichora shuleni kama watoto wa kwingine wanavyochora mnazi au ziwa. Moshi wa tanuri lile ulikoma miaka ya 1990, lakini kilichoanguka udongoni kwa miaka 80 hakikuondoka. Juu ya hapo kuna migodi iliyopakana na nyumba za watu kama ule wa Ruashi, kuna karakana za kusafishia madini, kuna malori yanayopita barabara za vumbi, na kuna wachimbaji wa mikono, ambao hapa tunawaita makreseri, wanaorudi nyumbani jioni na nguo zao zilezile.

Nchi yetu hutoa takriban asilimia 70 ya kobalti ya dunia nzima. Mtu wa mbali hulisikia jambo hilo kama habari ya betri za simu na magari ya umeme. Kwetu ni habari ya vumbi la kiangazi, lile linaloingia chini ya mlango kuanzia mwezi wa tano, likatua juu ya sahani, juu ya godoro, juu ya mboga za lengalenga zilizoanikwa.

Mwaka 2009 Profesa Banza na wenzake walikuwa tayari wametoa matokeo ya kupima mkojo wa watu 351 katika Katanga. Kiasi cha kobalti walichokikuta kwa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda kilikuwa kikubwa kuliko chochote kilichowahi kuandikwa popote kuhusu raia wa kawaida, yaani watu wasioshika madini kazini. Baadaye, mwaka 2018, kundi hilohilo likatoa habari za Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambako watu walichimba kobalti ndani ya nyua zao. Huko watoto walikuwa na kobalti nyingi mwilini kuliko watoto wa mtaa wa jirani, na katika mkojo wao kulikuwa na dalili za kuumizwa kwa vinasaba.

Kwa hiyo suala la kama madini yameingia miilini mwa watu lilikuwa limekwisha kujibiwa. Swali lililobaki lilikuwa gumu zaidi: je, yanawafikia watoto walio tumboni, na yanawafanya nini?

Namna swali lilivyoulizwa

Mtu anaweza kudhani njia rahisi ni kuhesabu watoto wenye kasoro mjini Lubumbashi, kisha kuhesabu wa mji usio na migodi, na kulinganisha. Njia hiyo ingehitaji daftari la kuaminika la kila mtoto aliyezaliwa na kasoro, na daftari hilo halipo. Watafiti walichagua njia nyingine. Walichukua watoto 138 waliozaliwa na kasoro inayoonekana kwa macho, wakachukua na watoto 108 waliozaliwa wazima humuhumu mjini, kisha wakarudi nyuma kutafuta tofauti katika maisha ya wazazi wao.

Mama alihojiwa. Wakapima mkojo wake, damu yake, damu ya kitovu, kondo la nyuma, na vumbi lililotua ndani ya nyumba yake. Mashine iliyotumika ina uwezo wa kuona madini hata yakiwa kidogo mno, na inapima mengi kwa mpigo.

Hapa niseme jambo kuhusu namba moja ambayo imepotosha wasomaji. Katika kipindi hicho walizaliwa watoto 133,662 mjini, kwa hiyo watoto 138 ni kama mmoja katika kila elfu. Nimemsikia mtu akisema, basi Lubumbashi hakuna tatizo, maana hata Ulaya kasoro za kuzaliwa ni zaidi ya hapo. Hesabu hiyo haifai kutumika hivyo. Utafiti wa namna hii hauhesabu wagonjwa wote wa mji. Unakusanya wale uliowafikia. Mtoto mwenye tundu moyoni hakuonekana kwa macho, hakuingia. Mtoto aliyezaliwa nyumbani, akafa siku hiyohiyo, akazikwa kimya, hakuingia. Wale 138 ni mashahidi walioitwa, na walitosha kwa kazi waliyoitiwa.

Jibu lililotoka na jibu lililokataa kutoka

Yaliyopatikana ni machache, na nitayaeleza kwa mpangilio wa uzito ninaoupa mimi.

Baba kufanya kazi inayohusiana na migodi ndilo jambo lililofungamana kwa nguvu kuliko yote na kasoro za mtoto. Uwiano ulikuwa 5.5. Kwa kuwa kasoro hizi ni nadra, namba hiyo inaweza kusomwa karibu hivi: hatari ilikuwa kama mara tano na nusu ya ile ya mtoto ambaye baba yake hana kazi ya migodi, baada ya mambo mengine yaliyopimwa kuzingatiwa.

Lakini namba hiyo ina ndugu zake wawili, na asiyewataja anamdanganya msikilizaji. Mipaka ya uhakika ilikuwa 1.2 na 25.0. Maana yake ni kwamba kwa ukubwa wa kundi lililochunguzwa, ukweli unaweza kuwa popote kati ya ongezeko dogo sana la hatari na ongezeko la kutisha. Upana huo hutokea pale watu wanaobeba jibu wanapokuwa wachache: katika familia 246, akina baba wa migodini hawakuwa wengi. Hata hivyo, upande wa chini haukushuka hadi 1, namba inayomaanisha hakuna tofauti ya hatari, na ndiyo sababu watafiti waliweza kusema kuna uhusiano.

Mama kufanya kazi ya mshahara nje ya nyumba nako kulifungamana na hatari kubwa zaidi, uwiano ukiwa 2.8. Sitakaa sana hapo; kazi za nje ni nyingi mno na za aina mbalimbali kiasi kwamba namba moja haiwezi kutuambia ni kitu gani ndani yake.

Vitamini wakati wa mimba zilikwenda upande wa pili: uwiano 0.2, mipaka ikiwa 0.1 na 0.5. Yaani akina mama waliokunywa vitamini walikuwa na hatari ndogo sana. Mtu mwangalifu atauliza kama ni vitamini zenyewe au ni kwa sababu mama anayenywa vitamini ndiye huyohuyo anayekwenda kliniki mapema, ana chakula kizuri, ana pesa. Swali ni la haki. Ila hapa tunao ushahidi wa nje wa kutushika mkono. Mwaka 1991 jaribio kubwa lililoongozwa kutoka Uingereza, chini ya Nicholas Wald, lilionyesha kwamba foliki asidi, ambayo ni aina ya vitamini, ilipunguza kwa asilimia 72 kurudia kwa mgongo wazi na kasoro za jamii hiyo kwa wanawake waliokwisha kupata mtoto wa namna hiyo. Lile lilikuwa jaribio la kugawa dawa kwa kura, kwa hiyo pesa na kliniki haziwezi kulieleza.

Sasa tufike kwenye jibu lililokataa kutoka. Kobalti, shaba, risasi, aseniki: viwango vyake katika mkojo, damu na kondo havikutofautiana kwa namna ya kueleza kwa nini mtoto huyu ana kasoro na yule hana. Kilichoonekana ni manganizi katika damu ya kitovu, ambapo kila kiwango kinapoongezeka maradufu uwiano ulikuwa 1.7, na zinki, uwiano 1.6, ingawa kwa zinki mpaka wa chini ulishuka hadi 0.9. Walipochunguza kondo, manganizi upande wa mtoto nayo ilifungamana na kasoro. Watafiti wenyewe waliandika wazi kwamba manganizi na zinki hazichimbwi Lubumbashi, na kwamba njia ya uhusiano huo haijaeleweka.

Nawaheshimu sana kwa sentensi hiyo. Ingekuwa rahisi kuificha. Mimi, kama mtu wa hapa, ningeongeza tu kwamba zinki si ngeni katika mazingira yetu. Mgodi wa Kipushi, kilomita kama 30 kutoka mjini, ulikuwa mgodi wa shaba na zinki tangu miaka ya 1920, na ingawa ulikuwa umesimama tangu 1993, mabaki ya madini yake yamo ndani ya teriri yetu. Sidai kwamba hilo linaeleza damu ya kitovu. Nasema kwamba katika mji huu, kutochimbwa kwa kitu hakumaanishi hakipo.

Kwa nini mkojo ulinyamaza na kazi ikasema

Hapa ndipo kisa hiki kinaponivuta zaidi, na hapa ndipo wasomaji wengi hupita haraka. Kama kobalti imejaa mjini, na kama baba wa mgodini ni hatari, inakuwaje kobalti yenyewe haionekani katika vipimo?

Angalia kalenda. Mfereji utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hujifunga kufikia siku ya 28 tangu mimba kutungwa. Viungo vingine vikubwa huumbika kabla ya wiki ya nane kwisha. Wakati huo wanawake wengi hata hawajajua kwamba wana mimba. Mkojo uliopimwa ulichukuliwa wakati wa kujifungua, miezi saba na zaidi baadaye. Kobalti nyingi inayoingia mwilini hutoka kwa mkojo ndani ya siku chache. Kwa hiyo kipimo kile kilieleza alichokula na alichovuta mama juma lile la mwisho, ilhali jambo lenyewe lilitokea miezi mingi nyuma. Ni kama kutafuta nyayo za mwizi wa mwezi wa kwanza katika matope ya mvua ya mwezi wa tisa.

Angalia pia kwamba wote wamefunikwa na vumbi moja. Ili kulinganisha kukuonyeshe kitu, lazima wawepo walioguswa na wasioguswa. Mama wa mtoto mzima anaishi Kampemba, mama wa mtoto mwenye kasoro anaishi Ruashi, wote wawili wananunua mboga soko moja na kuvuta kiangazi kimoja. Pengo kati yao linakuwa dogo mno. Kazi ya baba, kinyume chake, inagawanya familia vizuri: ama yumo mgodini ama hayumo, na alikuwamo vilevile mwezi mimba ilipotungwa. Jibu la mdomo la mama likawa kipimo kizuri zaidi cha siku zile za mwanzo kuliko mashine ya gharama kubwa.

Njia ambazo kazi ya baba inaweza kumfikia mtoto ni mbili, na zote zina mantiki. Ya kwanza ni mbegu yenyewe: huchukua kama miezi miwili na nusu kukomaa, na madini yanaweza kuidhuru wakati huo. Ya pili ni nguo. Kwamba vumbi la kazini linaua nyumbani tunajua kutoka mahali pengine. Mwaka 1965 London, utafiti juu ya asibesto ulikuta saratani ya utando wa mapafu kwa watu ambao hawakuwahi kuingia kiwandani, wakiwamo wanawake waliofua nguo za kazi za waume zao. Utafiti wa Lubumbashi haukuweza kusema ni njia ipi kati ya hizi mbili, au kama ni zote.

Kuna kisa cha zamani ninachopenda kukiweka kando ya hiki. Mwaka 1961 mjini Hamburg, Widukind Lenz alikuwa akiona watoto wanazaliwa na mikono mifupi mithili ya mapezi. Aliwaendea akina mama, akauliza, akarudi kuuliza tena, mpaka dawa ya usingizi ya thalidomide ikajitokeza, na mwezi wa kumi na moja mwaka huohuo ikaondolewa sokoni Ujerumani. Lenz naye alianza kwa kuuliza tu. Tofauti ni kwamba kidonge kina jina, kina siku kilipomezwa, na kina kampuni inayoweza kuacha kukiuza. Vumbi letu halina siku lilipoanza. Kwa sababu hiyo sitarajii Lubumbashi ipate jibu safi kama la Hamburg, na anayelidai kabla ya kuchukua hatua anadai kitu ambacho mazingira yetu hayawezi kutoa.

Kinachoweza kufanywa kwa namba hizi zilivyo

Namba pana kama 1.2 hadi 25.0 haitoshi kumshtaki mtu. Inatosha kubadilisha utaratibu wa mlangoni. Mchimbaji anaweza kuoga na kuacha nguo za kazi kazini. Mahali ambapo watu hushika madini ya risasi, jambo hilo ni desturi ya kawaida. Makampuni makubwa yana maji na yana nafasi. Kwa makreseri ni ngumu zaidi, kwa kuwa hakuna aliyewajengea bafu, lakini hata ndoo ya maji nje ya uzio na gunia la kutilia nguo vinapunguza kinacholetwa kitandani. Nguo zifuliwe zikiwa zimelowekwa kwanza. Kuzikung'uta uani ni kulirudisha vumbi hewani, watoto wakiwa pale.

Jambo jingine ni daftari. Kama kila maternite ingeandika kasoro inayoonekana na, kando yake, kazi ya baba na kazi ya mama wakati mimba ilipotungwa, baada ya miaka michache tungekuwa na familia za kutosha kuubana ule upana wa mipaka. Muuguzi hahitaji mashine kwa hilo. Kwa Kiswahili chetu cha hapa swali ni fupi: «Mama, bwana yako anatumikaka kazi gani?»

Naomba lieleweke vizuri, maana nimeona likigeuzwa kuwa fimbo mpya. Kumtoa mama katika kiti cha mshtakiwa hakumaanishi kumkalisha baba. Mwanamume anayeshuka shimoni asubuhi anatafuta bukari, yaani ugali, ya watoto walewale. Hakuambiwa na mtu kwamba shati lake lina jambo.

Mwaka jana katika mwezi wa nane, jirani yangu alikuwa akikung'uta kombinezoni ya mume wake juu ya ukuta unaotugawa. Ni mke kijana, mwaka wa kwanza wa ndoa. Nilimsalimu, tukazungumza, nikamweleza habari ya nguo kama nilivyoieleza hapa, bila namba. Alisikiliza, akaiweka kombinezoni ndani ya beseni, akamwagia maji.

«Na ile dawa ya foliki, mama, wanatupatiaka tukienda kupima mimba. Ni tangu mwezi gani?»

«Mbele ya mimba, mtoto wangu. Mkianza tu kutafuta mtoto, uanze kunywa.»

Akasimama kidogo, mkono mmoja ndani ya maji mekundu.

«Basi nimechelewa majuma matatu,» akasema, na tukaondoka pale wote wawili kwenda duka la dawa la kona.